Faulo au Si Faulo? Mwongozo wa Kusoma Mgusano katika Mpira wa Kikapu

Maswali ni yaleyale kila msimu. Mbona yule kamgonga mwenzake mpaka kaanguka na refa kanyamaza, halafu mimi nimegusa kiuno kwa vidole tu nikapigiwa filimbi? Mlinzi akigongwa huku anatembea, kosa ni la nani? Nikiupata mpira kwanza, bado inaweza kuwa faulo? Kuyajibu moja moja kunachosha, basi nayaweka yote hapa.

Shika jambo moja kwanza: refa hatafuti mgusano. Anaangalia nafasi ilikuwa ya nani. Wachezaji 10 wanakimbizana ndani ya mita 28 kwa 15, na kugusana hakukwepeki. Faulo huja pale mtu anapoingia kwa mwili au mkono kwenye nafasi ya mwenzake, na huyo mwenzake akapoteza kitu: mwendo, kasi au mizani. Mengine yote ni ufafanuzi wa hilo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kujua mnacheza kwa kanuni zipi. Mashindano mengi duniani hufuata FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ina kitabu chake. Misingi ya mgusano inafanana, hesabu ndizo zinazotofautiana. Hapa nafuata FIBA, na nitataja NBA pale tofauti inapokuwa kubwa.
- Mechi iliyorekodiwa, unayoweza kuirudisha nyuma na kuisimamisha.
- Mwenzako mmoja na chaki, au utepe wa kubandika sakafuni.
- Uvumilivu wa kuangalia miguu badala ya mpira. Hiki ndicho kigumu kuliko vyote.

Hatua ya 1: Chora silinda yako

Simama katika mkao wa kukaba: magoti yamekunjwa kidogo, miguu imeachana kwa upana wa kawaida wa mwili wako, viwiko vimekunjwa, mikono imeinuliwa mbele. Mwenzako achore mstari sakafuni kukuzunguka. Mbele mstari upite chini ya viganja vyako, nyuma upite chini ya makalio, pembeni upite kwenye kingo za nje za mikono na miguu.

Hiyo ndiyo silinda yako. Inaanzia sakafuni inapanda juu hewani, na yote ni mali yako. Ukiruka wima ndani yake na mikono imenyooka juu, mtu akaja kukugonga hewani, kosa ni lake. Ukitoka nje yake ukamgusa mtu, kosa ni lako. Mshambuliaji naye ana silinda yake, pamoja na haki ya kuuzungusha mpira ndani yake bila mlinzi kumbanana mpaka ashindwe kupumua.

Onyo: wanaoanza hudhani mikono iliyonyooshwa pembeni ni sehemu ya silinda. Hapana. Kuinyoosha unaruhusiwa, lakini mtu akijaribu kupita na mkono wako ukamzuia, umemfanyia faulo.

Hatua ya 2: Tazama miguu ya mlinzi

Mlinzi huipata nafasi halali ya kumkaba mtu kwa mambo mawili tu: awe amemkabili mpinzani wake, na awe na miguu yote miwili sakafuni. Hakuna la tatu. Hakuna kanuni inayomtaka asimame kama nguzo.

Akishaipata nafasi hiyo, anaweza kusogea pembeni au kurudi nyuma ili aitunze, na anaweza hata kuruka wima. Anaruhusiwa pia kugeuka au kujikunja ndani ya silinda yake ili asiumie. Kwa hiyo ukimsikia mtu anapiga kelele «alikuwa anatembea!», ujue hoja yake haijatosha. Swali ni alikuwa anatembea kuelekea wapi. Akisogea mbele na kumwingilia mshambuliaji, kosa ni lake. Akiwa anarudi nyuma au kuteleza pembeni huku kifua kikiwa mbele ya mshambuliaji, bado yuko halali.

Hatua ya 3: Amua chaji au kizuizi

Chaji ni faulo ya mshambuliaji anayemgonga mlinzi aliye halali; kizuizi ni ya mlinzi. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapotokea, na hapa ndipo nakushauri ukae muda mrefu. Tafuta kwenye video yako tukio ambalo mshambuliaji anaingia kasi kuelekea kikapuni na mlinzi anaanguka. Simamisha picha kabla ya mgongano, kisha songa mbele kidogo kidogo ukijiuliza kwa mpangilio huu:

1. Mlinzi alikuwa amemkabili, miguu yote chini, kabla ya kugusana? Kama bado alikuwa anaingia kwenye njia, ni kizuizi, yaani faulo ya mlinzi. Acha kutazama zaidi.
2. Mgongano ulitua wapi kwenye mwili wa mlinzi? Ukitua katikati ya kifua, mlinzi alifika kwanza. Ukitua begani, kwenye nyonga au kwenye goti lililochomoza, mara nyingi mlinzi alichelewa akajaribu kufidia kwa kuegemea.
3. Mshambuliaji alikuwa tayari ameshampita mlinzi kwa kichwa na mabega? Basi mzigo umehamia kwa mlinzi.
4. Mshambuliaji alikuwa ameshapaa? Kama mlinzi aliingia chini yake baada ya miguu kuondoka sakafuni, ni kizuizi hata kama mlinzi baadaye alisimama wima kama askari wa zamu.
5. Mguu wa mlinzi ulikuwa umegusa eneo la nusu duara chini ya kikapu? Kwa FIBA nusu duara hilo lina nusu kipenyo cha mita 1.25. Mshambuliaji akiwa hewani na mpira, anarusha au anatoa pasi, na mlinzi yumo humo, hakuna chaji. Isipokuwa mshambuliaji ametumia mkono, mguu au mwili kinyume cha kanuni, kwa mfano kumsukuma kwa kiwiko.

Kumbuka pia kwamba mwenye mpira hapewi umbali wowote wa huruma. Anapaswa kutarajia kukabwa sekunde yoyote na awe tayari kusimama au kubadili njia. Mlinzi anaweza kujitokeza mbele yake ghafla, mradi aingie bila kumgusa na kabla hajapaa. Kwa asiye na mpira mambo ni tofauti: lazima aachiwe nafasi ya kusimama au kugeuka kulingana na kasi yake, si chini ya hatua moja ya kawaida na si zaidi ya mbili.

Rudia zoezi hili kwa matukio mengi, na kila mara andika uamuzi wako kabla ya kuona ishara ya refa. Utashangaa jinsi macho yanavyobadilika yakizoea kushuka chini.

Hatua ya 4: Heshimu mtu aliye hewani

Aliyeruka kutoka mahali fulani ana haki ya kutua palepale, au kutua mahali pengine ambapo hapakuwa na mtu wakati anaruka. Hili si suala la pointi tu, ni suala la vifundo vya miguu. Mei 2017, katika fainali za Kanda ya Magharibi za NBA, Kawhi Leonard wa San Antonio alirusha mpira akatua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Golden State. Kifundo kikaumia na msimu wake ukaishia pale. Msimu uliofuata NBA iliwapa marefa nafasi ya kuipitia faulo ya aina hiyo kwenye video na kuipandisha daraja.

Kwa hiyo unapokimbilia mrushaji, simamisha miguu yako kabla ya pale atakapotua. Mkono uende juu, mguu ubaki nyuma. Usimfuate kwa kifua baada ya mpira kutoka, maana yeye anaendelea kulindwa kama mrushaji mpaka miguu yake yote miwili irudi sakafuni.

Mrushaji naye asijifanye malaika. Akitupa mguu mbele au kupanua mikono ili amguse mlinzi aliyesimama vizuri, faulo ni yake. NBA iliikazia tabia hii kuanzia msimu wa 2021/22, pale marefa walipoambiwa waache kuwazawadia warushaji wanaojigongesha kwa walinzi kwa makusudi.

Hatua ya 5: Rudisha mikono nyumbani

Kugusa kwa mkono si faulo moja kwa moja. Refa anaangalia mkono ule ulifanya kazi gani. Ukiwekwa ukaondoka, mara nyingi unaachwa. Ukibaki pale, ukirudi mara kwa mara, au ikiwekwa mikono miwili juu ya mwenye mpira, filimbi italia. Mkono unaomwelekeza mtu, unaompunguza kasi au unaomsaidia mlinzi kujua mwenzake yuko wapi bila kutazama, huo umevuka mpaka.

Zoezi: mkabe mwenzako kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine ukiwa umeshika kola ya fulana yako kwa mikono yote miwili. Utachoka haraka, na utagundua ni mara ngapi mikono ilikuwa inafanya kazi iliyopaswa kufanywa na miguu.

Kuhusu kupora mpira: kuingiza mkono kwenye mpira wa mtu si kosa. Kosa ni kumpiga mkononi njiani. Kanuni za NBA zinasema wazi kwamba kiganja kilichoshika mpira kinahesabiwa kama sehemu ya mpira, kwa hiyo ukigonga kiganja hapo, mchezo unaendelea. Kifundo cha mkono kwenda juu, hapo hakuna msamaha. Na ule msemo wa «nilichukua mpira kwanza» hauokoi mtu aliyeupiga mpira kisha akamalizia kwa kumbeba mwenzake mzima mzima.

Hatua ya 6: Weka skrini bila kuhama

Skrini ni kusimama kwenye njia ya mlinzi ili mwenzako aachwe huru. Miguu yote chini, mwili ndani ya silinda, simama. Ukimwekea mlinzi aliyesimama mahali anapokuona, unaweza kumkaribia utakavyo bila kumgusa. Ukiwa nyuma yake asikokuona, mwachie hatua moja ya kawaida. Akiwa anakimbia, mwachie hatua moja hadi mbili ili apate nafasi ya kusimama au kukwepa.

Kosa la wanaoanza ni lilelile siku zote: nyonga. Mlinzi anakaribia kuponyoka, mwekaji anasukuma nyonga nje kidogo au kuongeza hatua moja ya kumziba. Hiyo ni skrini inayotembea, na timu yako inapoteza mpira.

Hatua ya 7: Chini ya kikapu na kwenye rebaundi

Hapa kuna kusukumana kwingi kunakoachwa, na kuna sababu: wote wawili wanapigania nafasi kwa nguvu zinazokaribiana, na hakuna anayehamishwa. Angalia ni nani aliyehama. Aliyesimama akahamishwa kwa mkono, goti au makalio, huyo ametendewa faulo. Mshambuliaji anayemzungusha mlinzi kwa kiwiko ili apate njia naye atapigiwa.

Kwenye rebaundi, yaani kugombea mpira uliokosa kikapu, kumrukia mtu kwa juu bila kumgusa si kosa, hata kama wewe uko nyuma yake. Mrefu hahukumiwi kwa urefu wake. Ukiangukia mgongo wake ndipo ilipo faulo.

Hatua ya 8: Soma mkono wa refa

Ngumi moja juu, faulo imeitwa. Kisha ataonyesha namba ya mchezaji kwa vidole, halafu aina ya kosa:

- mikono yote kiunoni: kizuizi
- ngumi ikipiga kiganja kilichofunguka: chaji
- kujishika kifundo cha mkono: kushika
- kujipiga kifundo cha mkono: matumizi mabaya ya mikono
- viganja vikisukuma hewa: kusukuma
- mikono ikitengeneza herufi T: faulo ya kiufundi

Mwishoni anaonyesha adhabu. Ukizijua ishara hizi, nusu ya malalamiko yako yatakwisha, maana mara nyingi ulikuwa unabishana juu ya kosa ambalo refa hakuliita.

Hatua ya 9: Hesabu adhabu

Aliyefanyiwa faulo akiwa anarusha, mpira ukaingia: kikapu kinahesabiwa na anapewa mtupo huru mmoja. Usipoingia: mitupo miwili, au mitatu kama alikuwa nyuma ya mstari wa pointi tatu. Kama hakuwa anarusha, timu yake inaanza na mpira kutoka nje, isipokuwa wapinzani wameshamaliza kiasi chao. Kwa FIBA kiasi hicho ni faulo nne za timu kwa robo moja. Kuanzia ya tano ni mitupo miwili. Faulo za muda wa nyongeza zinaunganishwa na za robo ya nne.

Faulo ya timu yenye mpira, kama chaji au skrini mbovu, haizai mitupo huru. Mpira unahamia upande wa pili tu. Lakini kwa FIBA bado inaongezwa kwenye hesabu ya timu, wakati NBA haiongezwi.

Mchezaji mmoja hutoka akifikisha faulo tano kwa FIBA, sita kwa NBA ambako robo ni dakika 12 badala ya 10. Ukiona tano ni chache, kumbuka kanuni 13 za James Naismith, aliyeubuni mchezo huu, za mwaka 1891: kugonga kwa bega, kushika, kusukuma, kutega na kupiga vyote vilikatazwa, na kosa la pili lilikuweka nje mpaka kikapu kingine kifungwe. Na inawezekana kuishi chini ya kiwango hicho. Wilt Chamberlain, mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote waliowahi kucheza chini ya kikapu, hakuwahi kutolewa kwa wingi wa faulo katika mechi yoyote ya NBA.

Hatua ya 10: Tofautisha faulo ya kawaida na ile nzito

Faulo isiyo ya kimichezo ni ile ambayo mtu hakujaribu kihalali kucheza mpira, au alitumia nguvu kupita kiasi, au alimvuta kwa nyuma mtu aliyekuwa anakimbia peke yake kuelekea kikapuni. Adhabu ni mitupo miwili, kisha timu iliyotendewa inapewa na mpira. Ya kiufundi mara nyingi haina mgusano kabisa: matusi, kupiga mpira kwa hasira, kujiangusha ili kumdanganya refa. Kwa FIBA inazaa mtupo mmoja. Mbili za aina moja kati ya hizi, au moja moja, na umemaliza mechi yako.

Si kila faulo ya makusudi ni nzito. Timu za NBA zilikuwa zikimshika mchezaji Shaquille O'Neal kwa makusudi kwa sababu mitupo yake huru ilikuwa mibovu, na kwa kuwa zilimshika kwa kiasi, ilibaki faulo ya kawaida. Binafsi sipendi kuitazama, ila kanuni iliruhusu.

Ukikwama

*Napata faulo mbili ndani ya dakika tano za mwanzo kila mechi.* Karibu kila mara tatizo ni kuchelewa. Unafika baada ya mshambuliaji kupita, kisha unatumia mkono. Sogea nyuma hatua moja kabla hajaanza kudunda mpira kuelekea kwako, na ukubali kwamba akirusha kutoka mbali mkono wako hautamfikia. Bora hilo kuliko kukaa benchi.

*Naruka wima lakini bado napigiwa filimbi.* Jirekodi kutoka pembeni. Mara nyingi mikono inashuka mbele wakati kifua kinapanda. Wewe unahisi umeruka wima, refa anaona mikono inakata usoni kwa mrushaji. Jaribu kuruka huku umesimama karibu na ukuta, uso ukiutazama, bila viganja kuugusa.

*Refa wa leo anaita kila kitu, wa jana hakuita chochote.* Ni kweli, vipimo vya marefa hupishana. Dakika chache za kwanza zichukue kama za kujifunza: anaachia mkono kiunoni au la? Anaita kusukumana chini ya kikapu? Halafu cheza kwa kipimo hicho. Ukitaka kuuliza, nahodha aulize kwa adabu mpira ukiwa umesimama, na aulize swali la jambo moja: «Refa, nilisogea mbele au mkono ndio ulikosea?» Swali kama hilo hujibiwa. Mikono iliyoinuliwa juu na uso wa kushangaa havijibiwi.

*Nagongwa sana na siitiwi faulo.* Angalia kama unaendelea na mwendo wako baada ya kugongwa. Ukiumaliza mrusho bila kuyumba, refa ana sababu ya kuachia. Dawa si kupiga yowe wala kujiangusha, kwani kwenye NBA, tangu msimu wa 2023/24, kujiangusha kunakuletea faulo ya kiufundi papo hapo. Ingia kikapuni kwa njia iliyonyooka badala ya kumzunguka mlinzi kwa mbali, ili akikugusa akuguse akiwa nje ya silinda yake na refa aone waziwazi ni nani aliyeondoka kwake.

*Tunacheza bila refa.* Kubalianeni kabla ya kuanza nani anaita: aliyetendewa au aliyetenda. Mimi napendelea aliyetendewa aite, kwa sharti kwamba aite papo hapo, kabla ya kuona kama mpira umeingia.